Gari Lilikuwepo

Nikimsikia mtu anasema "wengi wape", namwangalia tu. Namwacha amalize chai yake aende. Mimi niliwapa. Niliwapa wimbo wa mdogo wangu, na hawakunipokonya, hapana. Niliwapa mwenyewe, mkononi, na kabla ya kuwapa nilikuwa nimeshawafundisha kwa miaka namna ya kuua mstari wasioutaka. Sasa nimlaumu nani? Nawalaumu wote, na mimi nikiwemo.

Nianze na majembe, maana bila majembe hakuna atakayenielewa. Kwetu, vijiji vya upande wa Ugalla, nilipokuwa msichana watu walilima kwa zamu. Leo shamba la huyu, kesho la yule, mnajipanga mstari mmoja watu ishirini, na mbele yenu anasimama mwimbishaji anayerudi kinyumenyume huku akitupa maneno. Akitupa maneno yanayowagusa, majembe yanaanguka pamoja, puu, puu, na shamba linaisha kabla jua halijawa kali. Akitupa upuuzi, majembe yanasimama. Hakuna anayemzomea, hakuna anayecheka. Watu wananyoosha migongo, wanatema mate pembeni, wanasubiri. Mwimbishaji anajua kuwa mstari wake umekufa, anatafuta mwingine haraka kabla mwenye shamba hajaanza kununa.

Mama yangu alikuwa mwimbishaji. Watu walimfuata kutoka vijiji vingine waje wamwombe asimame mbele ya shamba lao. Kikonongo chake, lugha ya kwetu, kilikuwa kikali, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha kuunga-unga, lakini sijapata kumwona mtu akikataa kuinua jembe mama akiwa anaimba. Sisi wanawe wawili tulikua tukidhani kila mama yuko hivyo. Mimi nilichukua sauti yake. Mdogo wangu alichukua kicheko chake, na kusema kweli ndiye aliyepata kilicho bora.

Nilipoolewa Kakese, hapo karibu na Mpanda mjini, nilikuta kanisa lina kwaya inayoimba nyimbo za kitabu tu. Nzuri, sikatai. Lakini watu walikaa wamenyooka kama magunia ya mahindi ghalani, kwaya inaimba, wao wanatazama, wimbo unaisha, wanakohoa. Mwalimu wa kwaya alipohamia Sumbawanga wakatafuta wa kumrithi, wakakosa mwanamume anayeweza, wakaniambia, "Haya mama, shikilia kwa muda." Kwa muda! Nilishikilia miaka minane.

Mwaka wa kwanza tu nikawaambia waumini: Jumapili ijayo, baada ya ibada, kila mtu aje na jembe bovu, lile lililolika kwa kulima, bila mpini, na kipande cha nondo au msumari mkubwa wa kuligongea. Mchungaji akaniita pembeni. "Mama, majembe? Kanisani?" Nikamwambia nje, baba mchungaji, nje kwenye kibanda cha nyasi, na Mungu mwenyewe ndiye aliyemwambia Adamu alime. Akacheka akaniacha.

Basi utaratibu ulikuwa hivi. Nilitunga wimbo, lakini sikuumaliza. Niliacha mahali penye sauti ila hapana maneno. Kwaya inaguna tu hapo, mm-mm-mm, na yeyote kati ya wasikilizaji anaweza kusimama akatupa maneno yake. Majembe yakilia, maneno yamekubaliwa, kwaya inayapokea papo hapo na kuyawekea sauti nne. Majembe yakinyamaza, yamekufa. Na mimi mwalimu nilijiweka chini ya sheria ileile: mstari wangu ukikataliwa naruhusiwa kuurudia mara moja, ukikataliwa tena, hauimbwi mahali hapo hata siku moja. Halafu nikaongeza sheria nyingine kwa majivuno yangu tu. Nikasema, mstari wowote uliokubaliwa na watu, kwaya itauimba hata kama mwalimu haupendi. Watu wakagonga majembe kwa furaha, nami nikainama kama nimepewa zawadi.

Jamani, ilikuwa raha. Watu waliokuwa wakilala kwenye mahubiri walianza kuja mapema. Mama mmoja muuza vitumbua alitupa mstari kuhusu mumewe anayesali kwa sauti na kuchapa kwa siri, majembe yakalia mpaka tukaogopa, na mwanamume mwenyewe amekaa palepale, anagonga na yeye, afanyeje? Tukaanza kualikwa. Tukaenda Mamba, kule kwenye mpunga, ambako walitupa mstari wa ndege wanaokula mpunga na wakubwa wanaokula kuliko ndege. Vyama vingi vilikuwa vimeanza siku hizo na watu walikuwa wamejaa maneno. Sisi hatukuwa na siasa, tulikuwa na mashimo tu kwenye nyimbo zetu, na watu waliyajaza.

Mkono wangu wa kulia kwenye kwaya alikuwa mzee mmoja wa besi. Alikuja nchini akiwa kijana kutoka Burundi, akaishi kwenye makazi ya wakimbizi, na Kiswahili chake kilikuwa na Kirundi ndani yake kama mchanga kwenye mchele. Unakula huku unatoa. Yeye ndiye aliyejua kuchukua mstari wa mtu asiyejua kuimba akaugeuza kuwa muziki kabla mtu mwenyewe hajakaa chini. Aliniita mwalimu ingawa nilikuwa na umri wa binti yake.

Mwaka wa nne wa utaratibu huo, mdogo wangu akafa.

Alikuwa ameolewa palepale kijijini kwetu, na ilikuwa mimba yake ya kwanza. Ulikuwa msimu wa soko la tumbaku. Uchungu ulimwanza asubuhi, na mkunga akasema mtoto amekaa vibaya, apelekwe Mpanda hospitali, na apelekwe sasa. Kijiji chetu kiko ndani, mbali na stesheni, na hiyo haikuwa siku ya treni. Shemeji yangu akamfunga mgongo kwa kanga, akamkalisha kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli, mdogo wake shemeji akimshikilia kwa pembeni, wakaondoka. Kilomita zile kwa baiskeli mtu mzima mwenye afya anaziogopa. Alasiri, katikati ya safari, kwenye uwanja wa watu wasiowajua waliomtandikia mkeka, mdogo wangu akakata roho na mtoto wake tumboni.

Habari ilinifikia Kakese kesho yake asubuhi. Mchana likaja lori. Lilikuwa la tajiri mmoja wa kijijini kwetu. Lilikuwa limetoka kushusha tumbaku sokoni Mpanda na sasa linarudi tupu. Tajiri mwenyewe alikuwa ndani. Akashuka, akanipa mkono kwa mikono miwili, akasema, "Mwanangu, pole. Panda, tukamchukue mwenzako." Alikuwa amenunua mbao za jeneza. Alikuwa amenunua sanda. Tulimchukua mdogo wangu pale njiani kwenye mkeka, nami nikakaa nyuma ya lori karibu naye mpaka nyumbani, vumbi la tumbaku likiniingia puani. Tulipofika nikamshika tajiri mkono nikamwambia, "Asante sana, mzee. Mungu akulipe." Nilisema hivyo. Kwa mdomo wangu huu.

Baada ya kuzika, shemeji akanivuta nyuma ya nyumba. Alikuwa hajala siku mbili na macho yamemwiva. Akaniambia, "Dada, gari lilikuwepo."

"Gari lipi?"

"Hilo lililomleta. Lilikuwa limesimama pale kwa tajiri, chini ya kivuli, asubuhi ile. Nilimwomba. Akasema limeshapakiwa marobota, soko ni kesho, na tumbaku inashika harufu, haiwezi kukaa na mwanamke anayejifungua ikafika sokoni salama. Nikakimbia kutengeneza baiskeli. Tulipopita na baiskeli, dada, tulipita mbele yake. Lilikuwepo."

Nilitaka kurudi msibani nikamtukane mbele ya watu, na kama shemeji asingenishika ningefanya hivyo. Ile asante yangu ilinikaa kooni kama mwiba wa samaki. Nilirudi Kakese bila kumuaga tajiri, na nikiwa bado njiani nilikuwa nimeshaanza kutunga.

Sikuwahi kutunga kwa hasira kabla ya hapo. Niseme ukweli, hasira inafaa. Ubeti wa kwanza ulikuwa wa barabara, wa pili wa baiskeli na kanga aliyofungwa. Wa tatu ndio ulikuwa wimbo wenyewe:

Gari lilikuwepo, gari lilikuwepo,
limetulia kivulini, limejaa, limelala;
mdogo wangu kapita mbele yake na baiskeli.

Na kwaya inajibu chini kabisa, besi ya mzee ikitangulia: gari lilikuwepo. Baada ya hapo niliacha shimo langu, kama kawaida, kisha ubeti wa mwisho wa kumuaga.

Siku ya kwanza tuliyouimba Kakese, nilipofika kwenye ubeti huo majembe hayakulia tu, yalipiga kelele. Halafu shimo likafika na watu wakaanza kusimama mmojammoja. Mwanamke akatupa: dawa ilikuwepo, imefungiwa kabatini. Mwingine: chakula kilikuwepo, ghalani kwa jirani, mwaka ule wa njaa. Mzee mmoja mkavu ambaye hajawahi kufungua mdomo alisimama akasema, kaka yangu alikuwepo, akaketi, na majembe yakalia taratibu kwa sababu kila mtu alijua kesi yake ya shamba. Tulipoupeleka Mamba ukaongezeka. Kila mahali walikuwa na kitu kilichokuwepo. Wimbo ukafika beti kumi na kitu, na kila mkutano ulikuwa na zake. Watu walinishika mkono wakiwa na machozi, wakaniambia, mwalimu, umetusemea.

Mimi sikuwa nawasemea. Hebu niwe mkweli. Hao wote walikuwa mazoezi. Nilikuwa nataka kitu kimoja tu: kuupeleka wimbo ule kijijini kwetu, tajiri akiwa amekaa mbele kwenye kiti cha mgeni rasmi, halafu kijiji kizima kigonge majembe mbele ya uso wake kiseme gari lilikuwepo. Basi. Akishasikia hivyo, na aendelee na tumbaku yake. Mdogo wangu angekuwa amepata hukumu yake, maana hukumu nyingine hakuna mahali ambapo ningeipata.

Nafasi ikaja mwaka uliofuata. Kanisa la kwetu lilikuwa linashukuru mavuno, wakatualika, na mgeni rasmi nani? Tajiri. Nilicheka peke yangu jikoni niliposoma barua. Mzee wa besi hakucheka. Tulipokuwa kwenye treni akaniambia, "Mwalimu, ule wimbo, kule tusiuimbe."

"Kwa nini?"

"Kule si Kakese. Kakese wanalia msiba wa mbali. Wewe umewapa watu jembe, sasa huwezi tena kuwachagulia pa kugonga."

"Wananijua. Mimi mtoto wao. Na yule aliyekufa ni mtoto wao."

"Ndiyo hivyo nasema," akajibu, akageukia dirishani. Niliona uzee umeanza kumchanganya.

Watu walijaa. Kila mmoja na jembe lake bovu, maana sifa zetu zilikuwa zimetangulia. Tajiri alikaa mbele, shati jeupe, kofia magotini. Mama alikaa na wanawake wenzake upande wa kulia, akiwa na jembe na nondo, na nilipomwona nikajisikia nguvu. Tuliimba nyimbo mbili za mavuno, watu wakatupa mistari ya kuchekesha, tukapokea. Halafu nikasema, "Wimbo huu ni wa mtoto wa hapa."

Ubeti wa barabara, majembe yakalia. Ubeti wa baiskeli na kanga, wanawake wakaanza kulia huku wanagonga. Shemeji yangu alikuwa ameinamisha kichwa. Nikamtazama tajiri machoni. Nikavuta pumzi yote niliyokuwa nayo.

Gari lilikuwepo, gari lilikuwepo.

Majembe yakasimama.

Nilidhani nimewahi sana, nimewakuta hawajajiandaa. Nikatazama upande wa wanaume. Wote nondo zimeinama chini. Nikatazama wanawake, wanatazama mikono yao. Mtu mmoja akatema mate pembeni, kwa adabu tu, kama watu wanavyotema shambani. Tajiri peke yake ndiye aliyekuwa ananitazama, na hakuwa na hasira. Alikuwa na uso wa mtu anayemhurumia mwenzake. Nikasema moyoni, waoga wakubwa nyie! Amewafunga midomo kwa mbolea ya mkopo, amewafunga kwa lifti za kwenda mjini! Nikautupa tena, mara yangu ya pili na ya mwisho kwa sheria yangu mwenyewe, kwa sauti iliyotaka kupasuka. Gari lilikuwepo! Hata mbuzi wa jirani alinyamaza. Mstari wangu ukafa hapo, mbele ya kaburi la mwenyewe, maana makaburi yako nyuma tu ya kanisa.

Nyuma yangu kwaya ilikuwa inaguna, mm-mm-mm. Mzee wa besi alikuwa amewaingiza kwenye shimo la maneno ili kuniokoa na aibu. Na hapo ndipo mama yangu aliposimama.

Niliamini amekuja kunitetea. Naapa, nilitabasamu. Yule mwimbishaji wa mashamba, ambaye hakuna jembe lililowahi kumkatalia, amesimama kumsemea binti yake. Mama akafunga kanga vizuri kiunoni, akatupa:

Gari lilimleta, gari lilimleta,
limemtoa njiani kwa watu, limemleta kwao;
asante mwenye gari, mtoto amelala kwao.

Majembe yalilia kuliko yalivyowahi kulia mahali popote tulipowahi kwenda. Yalilia kwa nafuu, kama mvua iliyokawia. Watu wakasimama. Tajiri akafunika uso kwa kofia yake, mabega yakimtikisika. Kwaya nzima ikanitazama mimi, maana sheria ilikuwa inajulikana: mstari uliokubaliwa na watu unaimbwa, mwalimu apende asipende. Mzee wa besi alikuwa ameshaupata ufunguo wa sauti, anasubiri mkono wangu. Niliinua mkono. Niliwaongoza. Sauti nne, nzuri, safi, asante mwenye gari.

Sikula chakula chao. Nilimfuata mama nyumbani, nikamkuta jikoni amekaa kwenye kigoda anamenya mihogo ya jioni kana kwamba dunia iko sawa. Nikamwambia maneno ambayo mtoto hamwambii mama yake. Nilimwambia amemuuza kwa lori mwanae aliyekufa. Nilimwambia heri angenyamaza kama wale wengine.

Hakunikemea. Alimaliza mhogo aliokuwa nao, akauweka kwenye sufuria, akasema, "Shemeji yako alikueleza nini?"

"Kwamba tajiri alikataa."

"Alikataa mwanzo. Shemeji yako akakimbilia baiskeli, kwa hiyo yaliyofuata hakuyaona. Mimi nilikwenda kwa tajiri. Nilipiga magoti. Akasema, mama, tumbaku iliyomo humu si yangu peke yangu, ni ya kijiji kizima. Mwaka mzima wa watu uko humu. Tukiishusha leo, kesho hatuwahi soko, na hao wanunuzi hawarudi mpaka watakapotaka wenyewe. Waiteni wenye mzigo. Wakisema tushushe, nashusha hata kwa mikono yangu. Wakaitwa. Walikuja karibu wote. Akauliza, tushushe?"

Akachukua mhogo mwingine.

"Wakasema nini?" nikauliza.

"Hawakusema kitu. Kila mtu alitazama chini. Akauliza mara ya pili. Kimya."

Nilianza kuelewa ni nini nilichokuwa nimekifanya pale kanisani. Nilikuwa nimesimama mbele ya watu waliokwisha kuulizwa mara mbili, nikawauliza mara mbili tena. Lakini bado nilikuwa na hasira, na hasira yangu ilitafuta pa kukaa. Nikasema, "Basi ni wauaji wote! Na wewe ndio unawaimbia asante!"

"Na mimi nilikuwa na marobota matatu mle ndani," mama akasema.

Nilisikia maji yanachemka. Nilitaka asiendelee, lakini mama alikuwa mwimbishaji, akishaanza hakatishi mstari.

"Alipouliza tushushe, wote walinitazama mimi. Walikuwa wanasubiri mimi niseme. Ningesema, wangeshusha, nawajua, nimewaimbisha miaka thelathini. Nikawaza, mimba ya kwanza huchelewa. Nikawaza, mumewe ana miguu, baiskeli itafika. Deni la mbolea nalo nikaliwaza, sikufichi. Nikanyamaza, mwanangu. Kidogo tu. Na nilipotaka kufungua mdomo, tajiri akawa ameshasema basi, watu wameshaanza kuondoka."

Akanitazama kwa mara ya kwanza tangu niingie.

"Wewe unaondoka kesho na treni yako. Mimi naishi na watu walioniona nimenyamaza, na hakuna hata mmoja aliyewahi kunitupia neno hilo usoni. Leo umekuja nalo wewe. Ulitaka niligongee jembe?"

Sikumkumbatia, kama mnavyodhani ningefanya. Nilimchukia. Nilimchukia siku ile na nilimchukia miaka mingi baadaye, kwa zamu, huku nampelekea sukari na kanga kila Krismasi. Nilimchukia zaidi kwa sababu alinipa siri ile na sikuwa na mtu wa kumpa. Shemeji hakuambiwa mpaka anakufa. Sasa na mama amekwenda, ndiyo maana naweza kuandika.

Tuliporudi Kakese, Jumapili iliyofuata baada ya ibada watu wakakusanyika kibandani na majembe yao. Walikuwa wamesikia kwamba tumetoka kwetu, wakajua wimbo umefika kule ulikokuwa unakwenda. Wakauomba. Mzee wa besi akaniuliza kwa macho, nikamwitikia kwa kichwa kwamba tuendelee.

Barabara, majembe yakalia. Baiskeli na kanga, yakalia. Nikafika kwenye ubeti wa tatu, na watu wale walikuwa wameshainua nondo, wameshajiandaa, nyuso zimewaka, wote wananitazama mimi wakisubiri niseme ili wagonge. Ningesema tu, wangegonga mpaka jua lizame.

Nilitazama chini. Nikanyamaza. Kisha nikaruka ubeti ule, nikaenda moja kwa moja kwenye wa mwisho.